MASHUA YA MSHUA: USIPAMBE JENEZA!

Mpenzi msomaji, leo tuyape likizo mambo ya mitindo ya nywele na barua za wapendanao. Tunashuka pwani. Ukisikia harufu ya sifa usizibe pua, ndiyo shughuli yenyewe hiyo.

Kuna tabia moja naiona kila nikipita Msasani, Kunduchi na ng'ambo kule Kigamboni. Kijana kaachiwa mashua na mshua wake, au wamechangishana washkaji watatu wakanunua chombo kuukuu kwa mzee aliyechoka na bahari. Mipango yao mikubwa: Jumamosi na Jumapili wapakie watu wanaotaka kujirusha, wawazungushe mpaka upande wa Bongoyo au Mbudya, jioni warudi na mshiko. Sina ubaya na hilo. Afadhali hivyo kuliko kushinda kijiweni mkihesabu magari ya wenzenu. Lakini hebu tazama fedha ya kwanza inakwenda wapi. Inakwenda kwenye rangi! Buluu ubavuni, nyeupe ukingoni, jina la mbwembwe kwenye omo, halafu mito ya sponji, halafu spika ya kupasua masikio ya samaki. Chombo kinametameta kama bibi harusi. Sasa mwulize mwenyewe: "Mshkaji, lile kapi la juu ya mlingoti mlibadilisha lini?" Atakukodolea macho kama umemwuliza siku aliyozaliwa Nuhu.

Nasema kapi, wingi wake makapi, wala si yale ya mahindi wanayopewa kuku. Makapi haya ndiyo yanayobeba roho za watu.

Na ninyi vijana wa mjini mnavyopenda kuitana "msela"! Wajuzi wa lugha ya mitaani wanasema neno hilo limetokana na neno la Kiingereza la baharia. Haya, msela, leo tuone kama jina linakustahili.

Tuanze na foromali, kwa sababu ndiyo yenye uwezo wa kuua. Foromali ni ule mti mrefu unaobeba tanga. Katika vyombo vyetu vya tanga la pembe tatu mti huo mara nyingi ni mrefu kuliko hata mlingoti wenyewe, na kwenye majahazi makubwa huungwa kwa miti miwili au mitatu iliyokazwa kwa kamba. Hauna kiegemeo chochote. Umening'inia tu. Unashikiliwa na henza, ile kamba nene inayopita kichwani kwa mlingoti. Upande wa pili wa henza kuna gofia, na kwenye gofia ndimo inamopita jarari, kamba nyembamba wanayovuta mabaharia huku wakiimba. Huku chini sitahani jarari inapita kwenye kapi jingine kisha inafungwa. Majina hubadilika kidogo ukihama bandari, na kwenye mashua ndogo utakuta kapi moja na kamba moja, basi. Lakini mambo ni yale yale: kimoja kati ya hivyo kikikatika, mti unashuka. Na waliokaa chini yake ni nani? Abiria wako, juu ya mito yako ya sponji.

Hesabu kidogo, usikimbie. Chukua foromali na tanga lake vina kilo 100. Kamba inapanda, inazunguka kapi la juu, inashuka, ninyi mnaishikilia. Upande mmoja kilo 100 zinavuta kwenda chini, upande wa pili nanyi mnavuta kwenda chini kwa kilo 100 zile zile. Kwa hiyo kapi linabeba kilo 200! Hapo hakuna upepo, hakuna wimbi, mashua imetulia kama sahani mezani. Sasa leta kusi ya mwezi wa saba, na mawimbi yanayoutupa mlingoti kulia na kushoto, halafu nahodha aseme tanga lipinduliwe upande wa pili. Lile kapi kuukuu la mshua linajibu nini?

Kulikagua hakuhitaji digrii. Shusha foromali kwanza. Narudia: shusha kwanza, maana nimeona njemba wanakwea mlingoti kukagua kapi lililobeba mzigo, utadhani wanatungua dafu. Likiwa chini, lioshe kwa maji baridi ya bomba, chumvi itoke, ulione uso. Kapi la kienyeji ni gogo la mti mgumu lililochongwa. Ndani yake kuna gurudumu, roda, na katikati ya roda inapita pini. Shika roda uitikise. Ikicheza pembeni kama jino la mtoto wa miaka saba, kazi ipo. Toa pini utazame tundu lake. Tundu lililozaliwa duara likawa na umbo la yai limekwisha, na roda inayokaa kwenye tundu la namna hiyo inalala upande, inalamba shavu la kapi, inasaga kamba. Ndiyo maana kuna watu wananunua kamba mpya kila baada ya miezi michache, wanalaumu mwenye duka, kumbe msumeno wameuning'iniza wenyewe juu ya mlingoti. Tazama pia mashavu ya kapi. Ufa unaofuata nyuzi za mti, hata uwe mwembamba kama unywele, usiuzibe kwa gundi na rangi. Hilo kapi lipeleke nyumbani likae kabatini liwe kumbukumbu ya mzee.

Halafu kuna roda iliyoganda. Haizunguki kabisa, kamba inateleza juu yake. Wengi wanaizoea, wanasema "chombo hiki kizito". Si kizito! Kamba ikijiviringa nusu duara juu ya kitu kisichozunguka, msuguano unaweza kukulazimisha uvute mara mbili ya nguvu iliyotakiwa, au zaidi. Watu wanne mnafanya kazi ya wawili, na siku dhoruba inakuja mnataka tanga lishuke haraka, halishuki. Limekwama juu na upepo umeshaingia. Kwa maoni yangu roda iliyoganda ni mbaya kuliko kapi lililopasuka, kwa sababu lililopasuka angalau linaogopesha.

Dawa yake ipo hapa hapa mjini. Nenda Gerezani kwa mafundi wa kukereza, wanaotengeneza bushi za magari. Peleka roda ya zamani kama sampuli, mwambie akukerezee nyingine ya mti mgumu mkavu au ya nailoni ngumu, ile inayouzwa kama gongo jeupe. Ukichagua nailoni mwambie aache nafasi kidogo kwenye tundu la pini, maana nailoni hunywa maji ikavimba. Ikikazwa sana itaganda wiki ya pili na utarudi pale pale. Kuhusu ukubwa, usikubali roda ndogo eti kwa sababu ni rahisi. Upana wa roda uwe angalau mara 8 ya unene wa kamba. Kamba ya milimita 16 inataka roda ya kama sentimita 13. Ukiipitisha kamba nene kwenye kiroda kidogo unaivunja mgongo kila ikikunja.

Pini ndiyo wanayoidharau kuliko vyote. Nimeona pini ya nondo. Nondo ya kujengea nyumba, imekatwa na msumeno, ikachomekwa. Chuma kikipata kutu kinavimba, kwa sababu kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo nondo ile inaganda ndani ya roda, halafu inapasua kapi kwa ndani, polepole, bila kelele. Weka pini ya chuma kisichoshika kutu au ya ile shaba iliyochanganywa na bati. Ni kipande cha sentimita chache tu. Bei yake haifiki hata robo ya ile spika.

Hapo sasa tunaingia kwenye kimbembe chenyewe, yaani vyuma. Mjini hapa kila muuzaji akikuonyesha kitu kinachong'aa anasema "hii haishiki kutu, kaka, chukua". Wengine wanakutolea sumaku, wanaigusisha, haishiki, wanakutazama kwa ushindi. Sumaku inasaidia kidogo tu. Vyuma visivyoshika kutu viko vya aina nyingi, na mbili za kawaida ni 304 na 316. Sumaku haiwezi kukutenganishia hizo mbili. Ile 316 imeongezewa molibdenamu, kiasi cha asilimia 2 hadi 3, ndiyo inayostahimili chumvi ya bahari vizuri zaidi. Kwa hiyo usibishane na muuzaji, geuza bolti utazame kichwani. Bolti nyingi nzuri zimeandikwa. Ukiona A2 hiyo ni familia ya 304, nzuri kwa jikoni na geti la nyumba. Ukiona A4 ni familia ya 316, hiyo ndiyo ya baharini. Kisichoandikwa kitu, mrudishie kwa adabu.

Lakini usidhani ukishapata A4 umemaliza dunia. Chuma hicho kinajilinda kwa ngozi nyembamba sana ambayo inahitaji hewa. Kikiwa nje, kinang'aa miaka na miaka. Kikizama ndani ya mbao iliyolowa maji ya chumvi, pasipo hewa, kinaweza kuliwa kimya kimya kwenye shingo huku kichwa kikikuchekea juu ya sitaha. Ndiyo maana bolti kuukuu inatolewa ikaguliwe, haipapaswi kichwa tu kama mtoto aliyefaulu mtihani.

Wazee wengi wa pwani wanapenda chuma cha kuchovya kwenye zinki, na mimi nipo upande wao kwa chombo cha mbao. Ila ujue kuna kuchovya na kuna kupakwa. Kile kilichochovywa kwenye zinki ya moto kina rangi ya kijivu iliyofifia, kimekwaruza kidogo, hakivutii. Kile kinachometameta kama sarafu mpya mara nyingi kimepakwa ngozi nyembamba ya zinki kwa umeme, na bahari inaimaliza mapema. Kwa hiyo dukani chagua kibaya wa sura. (Kwenye uchumba sitoi ushauri huo.)

Na ile shaba ya njano, ya makufuli na mabomba ya maji? Iache nyumbani. Ndani yake mna zinki, na maji ya bahari yanainyonya ile zinki yakabakiza shaba tupu yenye vitundu. Utaiona imegeuka rangi ya waridi. Umbo liko vile vile, lakini ukiigonga inamomonyoka kama biskuti. Watu wanaifunga kwa sababu ni nzuri machoni. Na usichanganye vyuma ovyo. Vyuma viwili vya aina tofauti vikigusana ndani ya maji ya chumvi vinakuwa betri, kama ile ya gari, na kimoja lazima kiliwe. Bamba kubwa la chuma kisichoshika kutu lililopigiliwa kwa misumari midogo ya zinki litakula misumari hiyo haraka sana. Bamba zima, misumari hakuna. Kaazi kwelikweli!

Nikikumbuka mitepe ya zamani natamani kucheka. Mtepe haukuwa na msumari wa chuma. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lake lilikuwa la mkeka. Hawakuwa na kesi ya kutu. Walikuwa na kesi nyingine, kushona upya kila mara, lakini hiyo tuwaachie wenyewe.

Turudi sitahani. Mashua nyingi hazina sitaha nzima, zina kipande kwenye omo na kipande shetri, na hapo ndipo vimefungwa vigingi vya kukazia kamba, pete za nanga na kapi la chini. Kabla hujabadilisha pete, kagua mbao iliyoibeba. Kufunga bolti mpya ya bei mbaya kwenye mbao iliyooza ni kumvalisha mgonjwa suti. Chukua kisu chenye ncha, chokoa pembeni ya bolti. Ikizama kama kwenye keki, mbao imekwenda. Gonga kwa mpini wa nyundo, sikiliza: mbao nzima inalia "ko!", iliyooza inajibu "bu". Ukiona weusi umezunguka bolti ya chuma, ujue kutu na utomvu wa mti vimekutana, na mbao hapo imeanza kulainika.

Sasa nikwambie jambo ambalo vijana wa bara hawaliamini. Kinachoozesha sitaha zaidi si maji ya bahari, ni maji ya mvua! Kuvu wanaokula mbao wanapenda maji baridi, chumvi inawakera. Kwa hiyo masika ndiyo adui wa sitaha yako, na lile turubai mnalofunika chombo, likiwa na tundu moja tu juu ya kigingi, mnamlea kuvu kama kuku wa kisasa. Mabaharia wa zamani walikuwa wanamwagia sitaha maji ya bahari kila asubuhi. Mbao zilibaki zimevimba zikabana, na kuoza kukachelewa. Wewe unaisafisha kwa maji ya bomba na sabuni ya unga ili ipendeze kwenye picha.

Mbao ikishaoza, katwa. Usijaze unga wa mbao na gundi mahali panapobeba kamba. Fundi atakata mpaka afikie mbao nzima, ataweka kiraka cha mvule au msaji, na kingo zake zitakalafatiwa kwa pamba na sifa. Kisha ndiyo unafunga chuma. Na hapa ndipo mafundi wa haraka haraka wanapokuibia bila wewe kujua, kwa sababu wanapigilia msumari au wanakaza skrubu kutoka juu tu. Kigingi cha kukazia jarari hakishikiliwi na msumari! Dai bolti inayotoboa sitaha mpaka chini, na chini iwe na kibao kipana kigumu, kisha washa kubwa, kisha nati. Kibao kile kinaugawa mzigo. Bila hicho, siku kamba ikikaza ghafla, nati inapenya mbao kama kidole kwenye ugali wa moto, na kigingi kinaruka kikiwa na bolti zake. Kigingi kinachoruka hakichagui. Kinaweza kumpata yeyote, na mara nyingi ni yule aliyekuwa anafunga kamba.

Kuzuia maji pale bolti inapopita, ile njia ya wajenzi wa majahazi bado ni nzuri: unasokota pamba iliyolowa mafuta, unaizungushia shingo ya bolti chini ya kichwa, ndiyo unakaza. Inabanwa, inaziba. Dawa za kisasa za kwenye mrija nazo zipo, sina neno nazo, ila usipake kwenye mbao mbichi au yenye maji ukategemea itashika.

Walionunua boti la faiba kuukuu kutoka kwa mzungu aliyekuwa anahama, nanyi nisiwasahau. Sitaha yenu mara nyingi imetengenezwa kama sandwichi: ngozi ya faiba juu, ngozi chini, katikati mbao nyepesi. Maji yakiingia kwenye tundu la bolti yanatembea katikati humo na hamwoni kitu. Mkikanyaga na sitaha ikabonyea, ndiyo tayari. Tundu linachimbwa pana zaidi, mbao iliyolowa inatolewa, sehemu inakaushwa kabisa, inajazwa epoksi, ikishakauka ndipo linatobolewa tundu jipya katikati ya ile epoksi. Hapo maji hayana tena mbao ya kunywa.

Usukani nitausema kwa kifupi ingawa si wa sitahani, maana ni ndugu wa hayo hayo. Bawaba zake zikiwa zimelika utasikia "kwa, kwa, kwa" kila wimbi likipita nyuma. Watu wanaizoea sauti hiyo, wengine eti inawabembeleza. Pini zibadilishwe, matundu yawekewe bushi, na kuwe na kamba fupi inayoufunga usukani kwenye chombo ili hata ukichomoka usiende zake. Chombo kisicho na usukani karibu na mwamba hakina nahodha, kina abiria wote.

Najua mtaniuliza fedha itoke wapi. Kuna nyumba moja ninayoifahamu, mashua ya urithi, watoto wanne. Wakubwa wawili ndio wanaokwenda baharini. Miezi miwili ya kwanza walipata vizuri, wakakaa kikao nyumbani kugawana na kupanga. Mkubwa akataka spika na taa za rangi, maana wateja wa siku hizi wanataka muziki. Dada yao, anayeuza vitumbua na ndiye mwenye daftari la hesabu, akasema, "Kaka, mimi nimepanda ile mashua. Pale juu panalia. Tengenezeni kwanza panapolia." Mkubwa akapandisha: yeye ndiye anayejua bahari, mwanamke anajuaje mambo ya kapi? Ikawa soo. Mama yao alikuwa anachambua mchele, hajasema kitu tangu mwanzo. Akauliza, "Wanangu, baba yenu alikuwa na redio humo ndani?" Wakasema hapana, mama. "Na jioni alikuwa anarudi?" Kimya. Mama akaendelea na mchele wake. Kesho yake yule mkubwa alionekana Gerezani na roda mkononi.

Spika walinunua baadaye, kwa fedha ya msimu uliofuata. Hakuna mteja aliyewakimbia kwa kukosa taa za rangi. Na dada ana fungu lake kwenye daftari sasa: kila safari kuna kiasi kinatengwa cha vyuma na kamba kabla hawajagawana. Ukiniuliza mimi, huyo ndiye nahodha wa ile mashua, basi tu hajui kushika usukani.

Kuhusu wakaguzi: bara kuna TASAC, iliyopokea kazi ya kusimamia usalama wa vyombo vya majini baada ya kuanzishwa 2018, na visiwani kuna Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar. Ukibeba watu kwa nauli huna ujanja, lazima chombo kikaguliwe na jaketi za kujiokolea ziwemo. Lakini mkaguzi anakiona chombo siku moja. Wewe unakipanda kila wiki.

Wakati wa kazi: subirini bamvua. Maji yakijaa sana mnaisogeza mashua juu kabisa, yakikupwa inabaki mchangani, na hapa kwetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku za bamvua ni zaidi ya mita 3, kwa hiyo mnapata nafasi ya kutosha kuzunguka chini. Ikitakiwa ikae siku kadhaa, ivuteni juu zaidi kwa magogo na mwite watu, msivunje migongo watatu ninyi. Msifanye haraka mkaondoka na mbao mbichi kwa sababu kuna kundi limelipa kianzio.

Kapi jipya likishapanda, usianze na watu. Anza na mchanga. Jaza mifuko, uzito wa foromali na tanga lake pamoja na nusu yake tena. Kama ni kilo 100, jaza kilo 150. Funga kwenye henza, nyanyua mpaka juu, kaza jarari kwenye kigingi kipya, kisha chora alama ya mkaa pale kamba inapoingia kwenye kigingi. Fukuza watoto wote waliokuja kushangaa. Acha mzigo uning'inie usiku kucha. Asubuhi tazama ile alama imesogea kiasi gani, tazama chini ya sitaha kama kibao kimeanza kuzama, sikiliza roda wakati mnashusha. Baada ya safari ya kwanza kaza nati zote tena, maana mbao mpya hujibana ikishabeba mzigo, na nati iliyokuwa ngumu Jumamosi inaweza kuzungushwa kwa vidole Jumatatu.

Nafasi imekwisha, mhariri ananikonyeza. Wiki ijayo tukijaliwa tutazungumzia kamba: ile ya buluu inayouzwa kila duka, na kwa nini jua la Dar es Salaam linaigeuza unga. Wenye maswali andikeni, ila msiniulize bei ya spika.